Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno: Moto wa Walithuania, Kutoka Uani Walukuba

Nafundisha Kiswahili hapa Jinja, na kila Jumamosi jioni vijana sita au saba huja nyumbani kwangu Walukuba tukafukua maneno. Huu ni mtaa wa wafanyakazi wa viwandani. Watu walitoka pande zote za nchi wakaishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikaota hapa bila kupandwa na mwalimu. Uani kwetu moto una majina manne. Mimi nasema moto. Jirani yangu Msoga anasema omuliro. Marehemu mama yangu, Mnubi wa Bombo, alisema nar, neno lililotoka Kiarabu. Mwacholi wa nyumba ya nyuma anasema mac, ile c ikisomwa kama ch yetu.

Jina la tano lililetwa na mtoto wa kaka yangu, anayewapikia wageni karibu na mto. Msichana mmoja kutoka Lithuania alikuja kupanda zile boti za mpira kwenye maporomoko ya Nile. Usiku mmoja umeme ulikatika, akaja kukaa jikoni, akanyoosha kidole kwenye sigiri akasema: ugnis. Kijana akaniandikia neno hilo kwenye simu, na swali moja: "Shangazi, limetoka wapi?"

Nilidhani nitamjibu kesho yake. Imenichukua miezi mitano, na jibu lenyewe lina tundu katikati. Naeleza hapa njia niliyopita ili nawe uitumie kwa neno lolote unalolipenda, la kwenu au la mbali.

Anza na daftari. Piga mistari, upate safu nne: lugha, neno lenyewe, maana, na mwaka ambao neno lilionekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza. Mwanzoni usiandike maoni yoyote. Maoni yakitangulia, macho huacha kuona yale yasiyokubaliana nayo, na hili nimeliona kwa wanafunzi wangu na kwangu mwenyewe.

Kisha jaza ndugu wa neno, ukianza na wa karibu. Lugha za Kibaltiki zilizo hai ni mbili: Kilithuania, ambacho moto ni ugnis, na Kilatvia, ambacho ni uguns. Hao wawili ni tumbo moja. Kilatvia kimeimeza irabu ya mwisho, kikabaki na ugns isiyotamkika vizuri, kikachomeka u ya pili katikati kuupa ulimi nafasi. Kulikuwa na ndugu wa tatu, Kiprusi cha kale, kilichokufa mwanzoni mwa karne ya 18. Tunakijua kwa vitabu vichache tu. Kimoja ni orodha ya maneno 802 ya Kijerumani na Kiprusi iitwayo Msamiati wa Elbing, ambayo nakala yake iliandikwa karibu mwaka 1400. Ukifungua humo kutafuta moto, hukuti ugnis. Unakuta panno.

Usilitupe neno kama hilo kwa sababu limeharibu safu yako. Panno ina ukoo wake: pyr ya Kigiriki, Feuer ya Kijerumani, pahhur ya Kihiti, lugha iliyosemwa Anatolia miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Na ugnis ina wake: ignis ya Kilatini, ogon ya Kirusi, agni ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Mama mmoja Mhindu mwenye duka la vitambaa mjini aliposikia nikimsomea ugnis, alisimama kabisa. Alinieleza kuwa siku ya harusi yake alizunguka Agni, moto ulio shahidi. Baadaye nikajua kwamba Agni ndilo neno la kwanza la utenzi wa kwanza wa Rigveda, mkusanyo wa kale wa tenzi takatifu za Wahindu. Fikiria umbali huo: bibi arusi wa Jinja na jikoni kwa Mlithuania, neno moja.

Mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet aliona jambo katika koo hizi mbili. Agni na ignis zina jinsia ya kiume, jinsia ya vitu vyenye uhai, kana kwamba moto ni mtu anayetenda. Pyr na panno hazina jinsia ya kiume wala ya kike, ni moto kama kitu. Ugnis ya Kilithuania ni ya kike, lakini bado iko upande wa wenye uhai. Ndiyo maana nasema panno si kosa la mwandishi wa Elbing. Watu wa kale waliosema lugha mama ya lugha hizi zote walikuwa na maneno mawili, na kila lugha ikaweka lake.

Safu ya mwaka nayo isikudanganye. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kilithuania ni katekisimu ya Martynas Mažvydas ya mwaka 1547, wakati Rigveda ina zaidi ya miaka elfu tatu. Mtu angeweza kusema basi ugnis ni kijukuu cha agni. Hapana. Kuandikwa si kuzaliwa. Luganda nacho kilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19 tu, na hakuna Mganda atakayekubali kwamba babu zake hawakuwa na neno la moto kabla ya hapo.

Sasa hatua ngumu: kuyanyima masikio haki ya kuhukumu. Mwaka jana kijana mmoja kwenye kundi letu alishikilia kwamba motoka imetoka kwa moto, kwa sababu injini huwaka na kuunguza. Hoja tamu, na si kweli. Motoka ni neno la Kiingereza la gari la mashine, liliingia Luganda na gari lenyewe. Walithuania wana motoka yao pia. Nchi yao wanaiita Lietuva, na mvua wanaiita lietus, kwa hiyo watu wengi hupenda kusema Lithuania ni nchi ya mvua. Wataalamu wengi wanaelekea zaidi kwenye kijito kiitwacho Lietauka. Jina la nchi lilionekana kwenye maandishi mwaka 1009, na miaka elfu na zaidi baadaye bado linabishaniwa. Kufanana ni mwaliko wa kuchunguza tu.

Kinachohukumu ni kanuni ya sauti. Jifunze kuitambua kwanza katika lugha unazozisikia kila siku, ndipo uende Baltiki. Chukua kupa, Waganda wanasema okuwa. Chukua kupona, wanasema okuwona. Chukua kupumua, na weka pembeni yake okuwummula, yaani kupumzika. P yetu inaitikiwa na w yao, mara tatu bila kukosa. Hiyo ni kanuni. Sasa leta upepo. Wao wanasema empewo. P ya pili imegeuka w kama ilivyotakiwa, lakini ya kwanza imebaki p. Kwa nini? Tazama kilicho mbele yake: m. Sauti ya puani imeiegemeza isianguke. Kinachoonekana kuvunja kanuni kina kanuni yake ndogo ndani. Ukielewa empewo, umeelewa nusu ya ugomvi juu ya ugnis. Sisemi hivyo kukutia moyo, utaona mwenyewe.

Nenda sasa Ulaya. Kondoo kwa Kilithuania ni avis, kwa Kirusi ovtsa, kwa Kilatini ovis, kwa Kisanskriti avi. Usiku ni naktis kwa Kilithuania, noch kwa Kirusi. Kwa hiyo o ya Kirusi inaitikiwa na a ya Kilithuania, nayo inaitikiwa na a ya Kisanskriti. Kwa kanuni hii, ogon ya Kirusi na agni ya Kisanskriti zinadai Kilithuania kiwe na agnis. Hakina. Kina ugnis. U ya Kilithuania kwa kawaida hukutana na u ya Kisanskriti: binti ni duktė upande mmoja na duhitā upande wa pili. Kilatini nacho kina lake, kwa sababu i ya ignis ilikuwa e zamani. Mbele ya gn, Kilatini hugeuza e kuwa i, kama katika lignum, kuni, neno linalotokana na kitenzi legere, kuokota. Kuni ni kilichookotwa. Nililipenda neno hilo hata nikasahau kazi kwa siku nzima.

Basi hesabu: Kilatini e, Kirusi o, Kisanskriti a, Kilithuania u. Neno moja, lugha nne, irabu nne, na hakuna kanuni ya kawaida inayozipatanisha. Hapo ndipo neno linapostahili kuitwa lenye mashaka. Asili haijulikani kwa uhakika baada ya kujaribiwa, siyo kabla.

Ukifika kwenye ukuta kama huu, orodhesha maelezo yaliyopendekezwa, na kila moja uliulize swali lile lile: linaeleza nini, na linaacha nini bila kueleza?

La kwanza, ambalo mimi naliona lenye nguvu kuliko mengine, linasema neno la kale halikuanza na irabu. Lilianza na n iliyobeba silabi yenyewe, kama m ya mtu inavyobeba silabi kwetu. Watu wa Ulaya hushangaa kusikia sauti ya puani ikiwa silabi nzima. Mswahili huitamka kila anapoagiza mkate. Sauti hiyo ina matokeo yanayojulikana. Tazama mia moja: Kilatini centum, Kisanskriti śatam, Kilithuania šimtas. Kilatini huipa en, Kisanskriti huipa a, Kilithuania huipa im au in, na mara nyingine un. Kwa hiyo e ya Kilatini na a ya Kisanskriti zimepata mama mmoja. Kilithuania kingekuwa ungnis, kisha n ya kwanza ikaanguka kwa kuwa n nyingine ilikuwa inafuata palepale, maana ulimi hauzipendi mbili zilizobanana hivyo. Maelezo mazuri. Kinachobaki ni hiki: kwa nini un na si in ya kawaida? Na o ya Waslavi, yaani ya Kirusi na ndugu zake, inabaki na kesi yake.

Ushahidi mwingine unakuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1976 mwanaisimu Werner Winter alipendekeza kanuni kwamba katika lugha za Kibaltiki na Kislavoni, irabu fupi hurefuka ikiwa mbele ya b, d au g za kawaida, zisizo na pumzi. Kilatini kina sedere, kukaa, kwa e fupi. Kilithuania kina sėdėti, kwa irabu ndefu. G ya agni ni ya kawaida. Basi ugnis ilipaswa kuwa na ū ndefu, nayo ni fupi. Baadhi ya wataalamu husema kanuni ilizuiwa na n iliyokuwepo mbele ya gn. Wanaongeza kwamba maji nayo yanafanya vivyo hivyo. Voda ya Kirusi ina o fupi pale ambapo kanuni ya Winter ingedai ndefu, na kwa Kilithuania maji ni vanduo, n ikiwa imesimama waziwazi mbele ya d. Moto na maji, maneno mawili, yanakwepa kanuni moja mahali pamoja, kwa sababu ya sauti ya puani. Hapo nilikumbuka empewo, p iliyolindwa na m, nikainuka kitini.

Lakini angalia: n ya moto haionekani popote katika Kilithuania. Tunaidai kwa sababu inatufaa. Andika hivyo hivyo kwenye daftari.

Maelezo ya pili husema kulikuwa na sura mbili za zamani, moja yenye e na moja yenye o, na kila lugha ikachagua. Hili linatosheleza Kilatini na Kirusi, na linaiacha u ya Kilithuania juani. La tatu husema neno lilipindwa na jirani yake au kwa kuogopwa, kwa kuwa moto ulikuwa mtakatifu. Kupindwa kupo kweli. Ulimi kwa Kiprusi cha kale ni insuwis, lakini kwa Kilithuania ni liežuvis, kwa sababu ulivutwa na liežti, kulamba. Pale tunamjua jirani aliyelivuta neno. Kwa ugnis hakuna aliyeonyesha jirani huyo. Na hoja ya kuogopa jina, ambayo vijana huipenda sana maana sisi nasi tuna majina tunayoyakwepa usiku, haipimiki. Inaeleza kila kitu, kwa hiyo kwangu haielezi neno hili. Iweke mwisho kabisa.

Mkopo hauhitaji muda mrefu. Uliza kama majirani wasio ndugu wana neno hilo. Wafini waliazima mengi kwa watu wa Baltiki: daraja kwao ni silta, kwa Kilithuania ni tiltas. Moto wao ni tuli. Hakuna uhusiano, songa mbele. Kwa mama yangu ingekuwa kinyume: nar ya Kinubi inaeleweka kwa mkopo na historia peke yake, na anayeitafutia mzizi wa Kibantu anapoteza mafuta ya taa.

Kuna hatua moja ambayo vitabu vya mwanzo huipita haraka, nami naiona ni tamu kuliko zote: tafuta kitenzi kilicho nyuma ya jina. Moto wetu unacho. Ni kuota, kama katika kuota moto usiku wa baridi. Toa kiambishi, unabaki na oto, na wingi mioto unaionyesha vizuri zaidi. Waganda hawana jina moto, wana omuliro, lakini kitenzi wanacho: okwota omuliro. Na wana ekyoto, meko, mahali ambapo watoto hukaa kusikiliza hadithi za bibi. Katika Biblia ya Luganda ekyoto ni madhabahu pia. Jina limeondoka, kitenzi kimebaki, na mahali pa moto pamelihifadhi.

Jihadhari na vitenzi vinavyofanana. Kuota moto na kuota ndoto ni herufi zile zile kwetu, na mwanafunzi wangu mmoja aliandika kurasa mbili nzuri akieleza kwamba ndoto ni joto la moyo. Luganda kinatenganisha: kuota moto ni okwota, kuota ndoto ni okuloota. Sisi tumepoteza ile l. Lakini haikupotea yote, kwa sababu ndoto yenyewe ina d: n ikikutana na l huzaa nd, kama ulimi na ndimi. L iliyokufa katika kitenzi imezikwa ndani ya jina. Ukitaka kumshawishi kijana kwamba kazi hii si kubahatisha, mwonyeshe d ya ndoto.

Ugnis haina kitenzi. Hili ndilo tundu nililolitaja mwanzoni. Hata tukikubali n ya kale, hata tukizipatanisha irabu zote nne, tutakuwa tumefika kwenye neno la kale lenye maana ya moto, na nyuma yake mlango umefungwa. Hatuoni kama ulikuwa unaitwa mwanga, au mlaji, au mwenye kwenda. Kamusi kubwa ya Kilithuania ina juzuu 20. Ya kwanza ilitoka mwaka 1941 na ya mwisho mwaka 2002, na sasa husomwa bure kwenye intaneti. Nimeipekua usiku data inapokuwa nafuu. Matumizi ya ugnis yamejaa humo, na kitenzi cha kuizaa hakimo.

Kwa hiyo andika matokeo kwa ngazi. Mimi hutumia kalamu tatu. Kwa bluu: ugnis na uguns ni neno moja, na ni ndugu wa ignis, ogon na agni, hili halina mgomvi wa maana. Kwa kijani: huenda lilianza na n yenye silabi. Kwa nyekundu: mzizi wake na maana ya awali. Neno la kubuniwa, ambalo hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa, liwekee nyota mbele yake kama wanaisimu wafanyavyo, ili atakayelisoma daftari lako baada yako asidhani uliliona. Nyota hiyo ni amana kati yako na msomaji. Mtu akiisahau mara moja, kesho yake dhana inanukuliwa kama ushahidi.

Nilimjibu mtoto wa kaka yangu kwa kalamu zote tatu, nikapiga picha ukurasa. Akamtumia yule msichana, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Jumamosi iliyopita vijana wakanigeuzia swali: na omuliro? Binti mmoja akasema limetoka kwa kula, kwa sababu moto hula. Kijana ambaye mama yake husema Kinyarwanda akasema limetoka kwa kulia, maana kwao moto ni umuriro na kulia ni kurira, na kuni mbichi hulia kweli. Nikawaambia wasichague aliyesema vizuri. Tukaenda mbali, hadi kwa Wazulu, wanaosema umlilo. Kula kwao ni ukudla, kulia ni ukulila. Kama umlilo ungetokana na kula, tungetazamia dl ijitokeze, imejitokeza l. Binti alinyamaza, kisha akafuta mstari wake mwenyewe bila kuambiwa.

Lakini la kijana halijashinda bado. Sauti zimekubali, maana haijathibitishwa, na toni hatujaipima. Jumamosi ijayo mama yake atakuja na kiti chake, aseme umuriro na kurira mara kumi kumi huku simu ikirekodi. Kwa sasa tumeliandika kwa kalamu ya kijani.